Vyuo vikuu na viwanda: Pwani ijifunze nini kutoka Ruiru, Juja na Thika?

Mananasi ya Thika hayana bahari, lakini hayafiki Ulaya bila kupita kwetu. Yanalimwa bara, yanamenywa na kutiwa makopo bara, kisha yanateremshwa hadi Kilindini yakiwa tayari yana jina na bei. Mafuta ghafi ya mawese nayo hushushwa hapa hapa bandarini, yakapandishwa kwenda kusafishwa kwenye viwanda vya bara, vikiwemo vya Thika. Baada ya muda yanarudi dukani Likoni na Majengo yakiwa kwenye chupa yenye nembo, nasi tunayanunua huku minazi ikizeeka mashambani Kilifi na Kwale.

Watu wengi wakilizungumza jambo hili husema tatizo ni siasa, au ni ardhi, au ni mtaji. Yote hayo yamo. Lakini liko jingine ambalo hatulitaji sana, nalo ni maarifa: nani anayajua, nani anayamiliki, na yanapitia njia gani mpaka yawe bidhaa. Leo nataka tulitazame hilo kwa kuangalia kipande kimoja cha barabara kuu ya Nairobi kwenda Thika.

Kipande kimoja, taasisi nyingi

Kutoka Ruiru hadi Thika ni mwendo usiozidi kilomita 25. Ruiru kuna kituo cha utafiti wa kahawa kinachojulikana na kila mkulima wa zao hilo nchini, pamoja na viwanda vya chuma na eneo jipya la viwanda la Tatu City. Ukisonga mbele unafika Juja, kwenye Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, ambacho watu hukiita JKUAT. Thika penyewe kuna Del Monte ya mananasi, Bidco ya mafuta na sabuni, viwanda vya nguo, na kiwanda cha kuunganisha magari cha KVM kilichoanzishwa mwaka 1974 kwa jina la Leyland. Hapo hapo mjini kuna Chuo Kikuu cha Mount Kenya na taasisi ya mafunzo ya ufundi.

JKUAT hakikuanza kama chuo kikuu. Mwaka 1981 kilifungua milango kama chuo cha kati cha kilimo na teknolojia, kwa msaada wa serikali ya Japani. Wajapani hawakujenga majengo wakaondoka. Walileta mashine na wataalamu, wakakaa na walimu wa Kenya kwa miaka karibu ishirini. Mwaka 1994 kikawa chuo kikuu kamili. Kwa hiyo tangu mwanzo mwanafunzi wa Juja alifundishwa kushika chombo mkononi. Nalitaja hili kwa sababu chuo kinachotaka kufanya biashara na kiwanda lazima kwanza kiwe na kitu ambacho kiwanda hakina: maabara, mashine, au mtu anayejua kazi.

Kwa nini chuo kikuu kigeuke mfanyabiashara?

Mzee mmoja angeweza kuuliza, na ni swali la haki: chuo si cha kusomesha watoto? Biashara inaingiaje?

Inaingia kwanza kwa sababu ya fedha. Kuanzia mwaka 1998 vyuo vikuu vya umma Kenya vilianza kupokea wanafunzi wa kujilipia, ule mpango tuliouita wa sambamba. Ulileta pesa nyingi. Vyuo vikafungua matawi mpaka juu ya maduka makubwa mijini, Mombasa ikiwemo. Halafu mwaka 2016 udhibiti wa mitihani ulikazwa, na watahiniwa waliopata alama ya C+ kwenda juu wakashuka hadi karibu 89,000, ilhali mwaka uliotangulia walizidi 160,000. Karibu wote wakachukuliwa kwa ufadhili wa serikali. Wa kujilipia wakapungua mno, na vyuo vikabaki na madeni ya mishahara na kodi. Mfumo mpya wa ufadhili ulioletwa mwaka 2023 haujamaliza kilio hicho.

Sababu ya pili ni kwamba utafiti usiotoka maabarani hauna faida kwa mlipa kodi. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013 ilisema Hazina itenge asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka kwa ajili ya utafiti. Kiwango hicho hakijafikiwa. Basi chuo kinatakiwa kitafute mwenzake, na mwenzake wa karibu ni kiwanda.

Njia ambazo maarifa huuzwa

Nikizipanga kwa lugha nyepesi, njia ni tano.

Ya kwanza ni kuuza huduma. Kiwanda kina sampuli ya maji, chakula au chuma, hakina mashine ya kupima. Chuo kinapima, kinatoa cheti, kinalipwa. Hapa pia ndipo ushauri wa kitaalamu unapoingia.

Ya pili ni kuuza bidhaa yenyewe. Mfano wa Juja ni miche ya ndizi. Mgomba wa kawaida hupandwa kwa chipukizi linalochimbwa shambani, na chipukizi hilo hubeba wadudu na magonjwa ya mama yake. Maabarani huchukuliwa kiini kidogo cha chipukizi, husafishwa, kisha hukuzwa ndani ya chupa yenye chakula maalumu. Kinagawanywa na kugawanywa tena mpaka chipukizi moja lizae mamia ya miche isiyo na ugonjwa, inayokomaa kwa pamoja. Mkulima ananunua mche, chuo kinapata fedha, na mwanafunzi anajifunza kazi. Ili biashara ya namna hii isichanganyike na hesabu za masomo, JKUAT ina kampuni yake tanzu inayosimamia mauzo.

Ya tatu ni leseni. Chuo kinasajili uvumbuzi, yaani kinapata hataza, kisha kinaruhusu kampuni iutumie kwa malipo. Malipo hayo huitwa mrabaha. Kampuni inajenga kiwanda na kutafuta soko, chuo kinapata sehemu ya kila mauzo.

Ya nne ni utafiti wa mkataba. Kampuni inaleta tatizo lake na fedha, chuo kinatafuta jibu. Ya tano ni kampuni changa: mhadhiri au mwanafunzi anaanzisha biashara juu ya alichokigundua, na chuo kinachukua hisa.

Zaidi ya hizo kuna ushirikiano mmoja ambao hatuuhesabu, nao ni mwanafunzi mwenyewe. Kijana anayekwenda kiwandani kwa mafunzo ya miezi mitatu hubeba maarifa kutoka darasani na kurudi na maswali kutoka kazini. Kiwanda kilicho kilomita 10 kutoka chuoni kinaweza kumpokea bila yeye kutafuta chumba cha kupanga. Ujirani huo wenyewe ni mali.

Kahawa ya Ruiru

Mfano ninaoupenda kuliko yote si wa chuo kikuu hasa, ni wa kituo cha utafiti, lakini unaonyesha vizuri safari ya maarifa mpaka shambani.

Miaka ya 1960 wakulima wa kahawa Kenya walipigwa vibaya na ugonjwa wa chulebuni, unaoozesha tunda likiwa bado bichi mtini. Dawa ilikuwepo, lakini kupulizia mara kwa mara kulikula faida yote ya mkulima mdogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 watafiti wa Ruiru wakaanza kuzalisha mbegu ya kahawa isiyoshikwa na chulebuni wala kutu ya majani. Mwaka 1985 wakaitoa, ikaitwa Ruiru 11. Hesabu miaka hiyo: zaidi ya kumi ya kazi kabla mkulima hajapata mche mmoja.

Hata hapo safari haikwisha. Ruiru 11 ni chotara. Ukiotesha mbegu zake mwenyewe hupati mti uleule. Kwa hiyo mbegu ilibidi itengenezwe kwa kuchavusha maua kwa mkono, ua kwa ua, na haikutosheleza mahitaji. Wanunuzi wengine nao wakalalamikia ladha wakiilinganisha na mbegu za zamani. Watafiti wakarudi kazini, na mwaka 2010 wakatoa mbegu nyingine, Batian, inayostahimili magonjwa na ambayo mbegu yake huzaa mti unaofanana na mama yake.

Kuna funzo mbili hapa. Moja ni kwamba ugunduzi ni nusu ya kazi, na nusu ya pili ni kuuzalisha kwa wingi na kwa bei ambayo mtu anaimudu. La pili ni nani aliyelipa. Utafiti huo kwa miaka mingi ulitegemea makato kwenye mauzo ya wakulima wa kahawa wenyewe. Walijikata kidogo kidogo wakajinunulia maarifa. Nikifikiria korosho yetu, ambayo kiwanda chake cha Kilifi kilianza miaka ya 1970 na kuporomoka miaka ya 1990, najiuliza kama tungekuwa na chombo cha namna hiyo, mkulima wa korosho angebaki peke yake vile?

Vishikwambi vya Juja

Mfano wa pili una mafanikio na onyo. Serikali ya Jubilee iliahidi vifaa vya kompyuta kwa watoto wa darasa la kwanza. Mwaka 2016 kazi hiyo ilipewa ushirika wa aina mbili: JKUAT pamoja na kampuni ya Positivo BGH kutoka Amerika Kusini, na Chuo Kikuu cha Moi pamoja na kampuni ya Kireno ya JP Sá Couto. Vyuo hivyo viwili vikaweka mitambo ya kuunganisha vifaa, na kwa jumla vifaa zaidi ya milioni moja vikafikishwa kwenye shule za msingi nchini. JKUAT kilikuwa tayari kimeunganisha kompyuta zake kwa jina la Taifa.

Si jambo dogo. Vijana wa Kenya walijifunza kupanga mstari wa uzalishaji, kupima ubora na kutengeneza kilichoharibika. Lakini mnunuzi alikuwa mmoja, serikali. Na kuunganisha si kubuni: sehemu za ndani zilitoka nje, zikapita kwetu bandarini au kwenye ndege. Biashara yenye mnunuzi mmoja ni kama dau lenye tanga moja, upepo ukikata linasimama. Chuo kinachotaka kudumu lazima kiwe na wateja wengi wadogo kuliko kuwa na mkubwa mmoja.

Mali bila daftari

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwenye maarifa daftari hilo ni mkataba na usajili.

Sheria ya Mali ya Viwanda ya mwaka 2001 inasema uvumbuzi uliofanywa na mwajiriwa kwenye kazi yake ni wa mwajiri, isipokuwa mkataba useme vingine. Lakini sheria hiyo hiyo, katika hali fulani, inampa mwajiriwa haki ya malipo ya haki kulingana na thamani ya alichovumbua. Hataza hudumu miaka 20, kisha kila mtu anaruhusiwa kutumia. Wamarekani walitatua swali la nani mwenyewe kwa sheria ya mwaka 1980, iitwayo ya Bayh na Dole, iliyoruhusu vyuo kumiliki uvumbuzi uliofanywa kwa fedha za serikali kuu. Tangu hapo ofisi za kuuza leseni zikaenea kwenye vyuo vyao.

Kwetu tulipata somo kwa njia ngumu. Wanasayansi wa Nairobi walishirikiana na wenzao wa Oxford kutafuta chanjo ya virusi vya ukimwi, wakianzia kwenye damu ya wanawake wa Majengo, Nairobi, ambao walikuwa wakikutana na virusi bila kuambukizwa. Mwaka 2000 ukazuka mzozo ilipojulikana kuwa maombi ya hataza yaliwasilishwa Uingereza bila Chuo Kikuu cha Nairobi kuwemo. Makubaliano yakaja kurekebishwa ili Wakenya nao watambuliwe. Lakini jiulize, na wale wanawake waliotoa damu, daftari lao liko wapi?

Swali hilo ndilo linalonifanya nisishangilie kila mkataba wa chuo na kampuni. Kampuni ikilipia utafiti, inaweza kutaka matokeo yafichwe. Mhadhiri akipata zaidi kwenye ushauri, darasa linabaki na msaidizi. Na mkulima, mvuvi au mganga aliyetoa ujuzi wa kwanza husahaulika pesa zikianza kuingia. Ushirikiano mwema ni ule ambao mambo haya yameandikwa kabla kazi haijaanza.

Na sisi Pwani?

Tusijidharau. Taasisi ya elimu ya Waislamu ya Mombasa, MIOME, ilianzishwa mwaka 1948 kwa michango iliyotoka kwa Aga Khan, Sultani wa Zanzibar na wengine, ili vijana wa Afrika Mashariki wafundishwe ufundi. Mwaka 1951 ilianza kusomesha. Ndiyo leo Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Yaani Pwani ilikuwa na chuo cha ufundi miaka 30 kabla ya Juja. Kilifi tuna Chuo Kikuu cha Pwani, kilichokua kutoka chuo cha kilimo. Mombasa kuna taasisi ya taifa ya utafiti wa bahari, KMFRI. Miritini kuna kiwanda cha kuunganisha magari, na Dongo Kundu kunajengwa eneo maalumu la kiuchumi. Viungo vyote vya mchuzi vipo. Kinachokosekana ni mpishi wa kuviweka chungu kimoja.

Tena mifano ya nyumbani ipo. Gazi na Makongeni, Kwale, watafiti wa KMFRI na wenzao wa Chuo Kikuu cha Edinburgh Napier walipima kiasi cha hewa ya kaboni kinachoshikwa na mikoko. Kipimo hicho ni maarifa ya kisayansi, lakini tangu mwaka 2013 mradi wa Mikoko Pamoja unakiuza kwenye soko la kaboni kutoka msitu wa hekta 117. Fedha si nyingi, lakini zinakwenda kijijini: maji, vitabu vya shule, kulinda msitu. Wanakijiji ndio wanaoamua. Hapa daftari limeandikwa kwa jina la mwenye mali.

Ng'ambo yetu, Zanzibar, wanawake walikuwa wakiuza mwani mkavu kwa bei ya kutupa. Dkt. Flower Msuya, mtafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akasaidia kuanzisha mwaka 2006 umoja unaowakutanisha wakulima, watafiti, wafanyabiashara na serikali. Mwani ukaanza kusagwa na kutengenezwa sabuni na vipodozi. Kibuyuni kwetu wanawake nao wanatengeneza sabuni ya mwani. Hakuna mashine ya mabilioni hapo. Kuna mtu mwenye elimu aliyekaa na mtu mwenye zao, na wote wawili wakafaidika.

Maswali ya kuwauliza

Sipendekezi tuigeuze Kilifi kuwa Thika. Viwanda vya Thika vina kelele zao, na mito ya huko ina malalamiko yake. Ninachopendekeza ni tuulize maswali kwa majina na kwa tarehe.

Kwa vyuo vyetu: mna ofisi ya kusimamia uvumbuzi? Mwanafunzi akibuni mashine ya kukuna nazi au jokofu la jua la samaki, sera yenu inasema ni ya nani, na yeye atapata fungu gani? Kwa serikali za kaunti: mnaponunua miche, madawati au mashine, mmewahi kuuliza kwanza kama chuo cha hapa kinaweza kuzitengeneza? Kwa kampuni zitakazoingia Dongo Kundu: mtapokea vijana wangapi wa mafunzo kila mwaka, na mtalipia utafiti gani?

Na kwetu sisi wenyewe, wavuvi, wakulima na mafundi: mtafiti akija na karatasi ya maswali, mkaribishe, mpe maji ya dafu, mjibu. Lakini kabla hajafunga daftari lake, muulize matokeo yatarudi lini kijijini na yakizaa pesa zitagawanywa vipi. Asipokuwa na jibu, aende akalitafute kwanza. Kahawa ya Ruiru ilichukua zaidi ya miaka kumi mpaka kufika shambani. Nazi yetu haiwezi kusubiri kiasi hicho kama hata hatujaanza kuhesabu.